Mkoba wa watoto, Malindi hadi Lamu

Basi huishia Mokowe, kisha mnavuka kwa boti. Begi kubwa liende kwenye buti. Mkoba mdogo ukae miguuni pako. Humo weka nguo mbili za kubadilisha kwa kila mtoto, nepi, kanga, maji, nakala za vyeti vya kuzaliwa, na kopo lenye mfuniko la kutapikia, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017.

ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, usisahau kabisa. Koroga pakiti nzima kwa kiasi cha maji kilichoandikwa. Maji yakipungua, chumvi huzidi na mtoto huharisha zaidi.

Kwenye boti, mfunge mtoto jaketi la kuokolea, kisha livute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, litamtoka majini. Omba dogo kabla hamjang'oa nanga.