Picha za Zamani za Kauboi: Namna ya Kupata Nakala Nzima, Tena Bure

Farasi, vumbi, na stelingi asiyekufa: wengi wetu tulizijua picha za kauboi hivyo. Nyingi zilizotengenezwa Marekani zamani sasa ziko kwenye intaneti bila malipo. Kuzipata si kazi. Kazi ni kupata nakala ambayo haijaharibiwa.

Hatua ya 1. Fungua archive.org, tovuti ya Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996. Andika jina la picha na mwaka wake, kisha chuja matokeo zibaki video tu. Ukiandika "western" peke yake utazama humo usiku kucha.

Hatua ya 2. Hakikisha ni halali. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilipaswa kuhuishwa picha ikifika mwaka wa 28. Angel and the Badman (1947) haikuhuishwa, ikawa mali ya umma. Stagecoach (1939) bado ina mwenyewe. Hata ukikuta mtu ameipandisha, iache.

Hatua ya 3. Linganisha nakala. Hapa usiwe na haraka, maana picha moja hupandishwa na watu hata watatu, wanne. Chukua Randy Rides Alone (1934). Stelingi wake, John Wayne, bado kijana kabisa, anasikia kinanda kutoka ndani ya baa. Anaingia: kinanda kinajipiga chenyewe, na watu wote wamelala chini, maiti. Ukutani, kwenye matundu ya macho ya picha iliyotundikwa, kuna mtu anamchungulia. Kinachotisha pale ni kwamba hakuna sauti nyingine. Sasa, miongo mingi baadaye, baadhi ya picha za Wayne za miaka hiyo zilibandikwa muziki wa kinanda cha umeme. Sikiliza dakika tano za mwanzo. Ukiusikia, tafuta nakala nyingine. Kataa pia iliyopakwa rangi, na iliyokatwa juu na chini ili ijaze skrini pana. Yakima Canutt, fundi wa kuanguka na farasi, anacheza adui humo na pia anarukaruka badala ya Wayne. Ukikata picha chini, unakata kwato na vumbi lake.

Hatua ya 4. Kama bando ni dogo, usitazame moja kwa moja. Nenda sehemu ya kupakua, fungua orodha ya mafaili yote, angalia ukubwa wa kila moja, uchukue MP4 ndogo.

Hatua ya 5. Kwa The Great Train Robbery (1903), nenda Maktaba ya Bunge la Marekani, loc.gov. Ni dakika kama 12 tu, haina sauti. Usiifunge jambazi wa mwisho anapouawa. Subiri: kiongozi wao anajaza skrini, anakutazama usoni, anainua bastola na kukufyatulia wewe.