Somo: Kuwakusanya tena wanachuo wenzako baada ya kustaafu, na kurudisha shukrani darasani

Somo hili ni la walimu wenzangu waliostaafu au wanaokaribia, hasa tuliosoma vyuo vya ualimu vya huku magharibi: Tabora, Kasulu, Kabanga. Wauguzi, watu wa reli na waliopita Chuo cha Nyuki hapa Tabora wanaweza kulitumia pia, wakibadilisha mifano tu.

Katika utumishi wa umma tunastaafu kwa hiari tukiwa na miaka 55, na kwa lazima tukifikisha 60. Aliyezaliwa 1964 alitoka kazini 2024. Kwa hiyo kizazi kilichosoma chuo miaka ya themanini, kikala ugali wa unga wa njano na kupanga foleni ya sabuni, karibu chote sasa kiko nyumbani. Wengine wamerudi kwao Sikonge au Kibondo, wengine wamebaki walikojenga. Simu wanazo, na hamu ya kuonana wanayo. Anayesubiriwa ni mtu wa kuanza, na huyo awe wewe.

Hatua ya kwanza: daftari la majina

Usianze na kundi la WhatsApp. Ukianza nalo utapata wale wale kumi unaoongea nao kila siku, na waliobaki watajiona wamesahaulika. Anza na daftari. Kaa na mwenzako mmoja mkumbuke bweni kwa bweni, kitanda kwa kitanda, kisha mkondo kwa mkondo, kisha nani alikwenda na nani kwenye mazoezi ya kufundisha. Kumbukumbu huja kwa mahali zaidi ya kuja kwa alfabeti.

Kwa kila jina andika mambo manne: jina la chuoni, jina la sasa (dada zetu wengi wanafahamika kwa jina la mume au kwa jina la mtoto), shule ya mwisho aliyofundisha, na namba ya simu. Usiyempata, muulizie kwa ofisi ya Chama cha Walimu ya wilaya, kwa afisa elimu kata wa alikostaafia, na kwenye parokia au msikiti wa kwao. Mwalimu hapotei. Kijiji alichofundisha, kila mtu mwenye umri wa kuoa anamjua alipo.

Waliotangulia mbele za haki waandikwe pia, pamoja na jina la mjane, mgane au mtoto aliyebaki. Ukurasa huo utausoma siku ya kwanza mtakayokutana, watu wakiwa wamesimama.

Hatua ya pili: mawasiliano

Sasa fungua kundi la simu. Wenye simu ya kitochi wasiachwe: kila mwenye simu janja akabidhiwe mwenzake mmoja au wawili wa kuwapigia kila habari inapotoka. Majina ya anayepiga na anayepigiwa yaandikwe, maana jambo la wote huwa si la mtu.

Kanuni zangu kwa kundi ni chache. Tanzia haitumwi mpaka mtu wa familia athibitishe. Siasa za vyama zibaki nje. Dawa za kusambaziwa, za kutibu kisukari kwa majani gani sijui, nazo zibaki nje. Na ipo moja ambayo kwa wastaafu ni kubwa kuliko zote: asiyefahamika akikupigia akisema anatoka kwenye mfuko wa pensheni au hazina, anataka fedha au namba ya siri ili mafao yako yaharakishwe, usitume chochote. Uliza kwanza kwenye kundi, kisha nenda mwenyewe ofisi ya mfuko. Watu wamenyang'anywa jasho la miaka thelathini kwa simu moja. Hata kama kikundi hakitafanya jambo jingine lolote, kikimwokoa mwenzenu mmoja na matapeli hao kimeshalipa.

Hatua ya tatu: kuonana uso kwa uso

Mara moja kwa mwaka inatosha. Mwisho wa Juni ndio wakati mzuri kwetu: mvua zimekwisha, mavuno yako ndani, na shule ziko likizo, hivyo mnaweza kuomba darasa au ukumbi wa shule badala ya kulipia hoteli. Tabora panafaa kwa kukutania kwa sababu ya reli. Reli ya kati ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na mpaka leo abiria wa Kigoma, Mwanza na Mpanda wanapishania hapa. Wa Nzega, Urambo na Sikonge wana lami. Chakula kiwe cha kawaida, kuku wa kienyeji na ugali, chai ikiandamana na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, kila mtu akichangia kiasi sawa. Msishone sare mwaka wa kwanza. Sare humzuia asiye na uwezo, naye ataona haya kusema, atasema anaumwa.

Hatua ya nne: rambirambi

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vikundi vya kazini vilitufundisha kuchangia kila msiba: mzazi, mkwe, mtoto, ndugu. Ukiwa na mshahara hilo linawezekana. Ukiwa na pensheni ya mwezi, kikundi cha watu arobaini kikichangia kila msiba wa ukoo kitakuwa na tanzia kila wiki, na ifikapo mwezi wa nne watu wataanza kunyamaza. Wakinyamaza kwenye msiba wa fulani, fulani ataumia moyo, naye hatarudi.

Amueni kwenye kikao na mwandike: kikundi kinatoa rambirambi kwa mwanachama mwenyewe, mwenza wake na mtoto wake. Basi. Misiba mingine kila mtu aende kama jirani na rafiki, kwa kadiri yake. Kiasi kiwe kilekile kwa wote, awe aliyestaafu akiwa afisa elimu au aliyestaafu akiwa mwalimu wa kawaida kule Ulyankulu. Fedha zitoke kwenye mfuko uliokwishachangwa, tuseme shilingi 5,000 kwa mwezi, wala zisisubiri mchango wa dharura usiku wa msiba. Familia inahitaji sanda na jeneza siku ile ile. Mweka hazina apewe ruhusa ya kutoa kiasi hicho bila kusubiri kikao, kisha alete risiti.

Na ugonjwa usisahaulike. Kwa umri wetu, mwenzenu aliyelazwa hospitali ya Kitete hapa Tabora au Maweni kule Kigoma anahitaji mtu wa kumpelekea uji na kukaa naye saa moja kuliko anavyohitaji shada la maua baadaye. Wekeni zamu kwa kila mji wenye wanachama.

Hatua ya tano: usajili na fedha

Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama wenye sahihi. Benki nazo zitataka karatasi hizo mkifungua akaunti. Watia sahihi wawe watatu, wasiwe ndugu. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakuna kilichotoka.

Mtashawishika kuanza kukopeshana. Nashauri msifanye. Kikundi kinachokopeshana kinaingia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kina usajili wake, lakini hilo si kubwa kwangu. Kubwa ni kwamba deni huua urafiki wa miaka arobaini. Mwenye kutaka kukopa ajiunge na VICOBA ya mtaani kwake.

Hatua ya sita: kurudisha

Mkishaishi mwaka mmoja pamoja bila kugombana, ndipo mgeukie nje. Wengi hukimbilia saruji, madawati na bati, na mambo hayo ni mema. Lakini wastaafu hatuna fedha nyingi, na shule yenyewe ina mahali pa kuomba madawati. Tulicho nacho sisi, ambacho hakinunuliki dukani, ni kujua kumfundisha mtoto kusoma.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kukaa na mmoja mmoja. Mstaafu anaweza. Chukua watoto watano walioachwa nyuma, kaa nao chini ya mwembe siku mbili kwa wiki, anza na sauti za herufi kabla ya majina ya herufi, kisha silabi, kisha maneno mafupi. Ninyi mnaojua Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha mna faida kubwa. Mtoto anayeandika "kura" akitaka kuandika "kula" si mzembe. Anaandika anavyosikia nyumbani, na anayeijua lugha ya nyumbani atamsaidia bila kumcheka.

Njia ya kuingia: barua kwa afisa elimu wa halmashauri, nakala kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Msiende kama wakaguzi. Mwalimu wa darasa ndiye mwenye darasa, na yeye ndiye atakayechagua watoto. Fanyeni kazi mahali pa wazi, wawili wawili, wala mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, hata awe mwalimu wa miaka mingapi. Msiahidi muda mrefu. Ahidini muhula mmoja mkaumalize.

Chuo chenu nacho kikumbukeni. Wanachuo wa leo wakienda mazoezini, mwandikieni mkuu wa chuo kwamba mko tayari kuzungumza nao nusu siku kabla hawajaondoka: namna ya kuishi kijijini usikozaliwa, namna ya kumkabili mzazi aliyemtoa binti shule. Hayo hayamo kwenye moduli.

Maswali ya wanachama

Urambo: Shikamoo mwalimu. Tumepatikana tisa tu. Tuendelee au tusubiri wengine?

Marahaba. Endeleeni. Tisa wakionana kila mwaka watawavuta wengine. Ila rambirambi iwe ndogo mpaka mfuko ukue.

Kasulu: Mwenzetu alifanikiwa kwenye biashara, yuko tayari kutoa fedha nyingi. Wengine wanataka awe mwenyekiti ili asikasirike.

Pokeeni kwa shukrani, mwandike kwenye daftari kama mchango wa hiari. Uongozi upigiwe kura kando kabisa na fedha. Akiwa mtu wa kweli ataelewa, na akikasirika mtakuwa mmejua mapema fedha ile ilikuwa ya nini.

Igunga: Mume wa mwenzetu marehemu anaomba aendelee kuwa kwenye kundi. Katiba haisemi kitu.

Mwacheni, na muongeze kifungu: mwenza aliyefiwa anabaki mwanachama kwa ada ileile na haki ileile, isipokuwa kura. Wagane na wajane wa wenzetu ni sehemu ya chuo chetu.

Ujiji: Tulikwenda shuleni kuomba kufundisha KKK. Mwalimu mkuu anasema wangependa tulete fedha za chakula cha watoto.

Msibishane naye, huenda ana haki. Mtoto mwenye njaa hasomi. Ombeni kikao na kamati ya shule, maana michango ya chakula ni makubaliano ya wazazi na kamati. Semeni mnachoweza, labda gunia la mahindi baada ya mavuno, kisha ombeni pia siku zenu mbili na watoto. Mara nyingi atakubali yote mawili.

Nzega: Shikamoo mwalimu wangu. Miguu hainibebi, presha inapanda, shuleni sifiki. Nami nataka kutoa kitu.

Marahaba, na pole sana. Tengeneza kadi za silabi. Chukua maboksi ya dukani, yakate ukubwa wa kiganja, andika kwa kalamu nene: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, mpaka uzimalize, kisha nyuma ya kila kadi chora kitu kinachoanza na silabi hiyo. Herufi ndogo, si kubwa, maana ndizo watakazozikuta kitabuni. Funga seti moja moja kwa kamba, mjukuu apeleke kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Seti moja inatosha kundi la watoto watano. Zikichakaa, tengeneza nyingine.