Kukarabati jiko na sebule ndogo ya ghorofani Mwanza: anza na upepo wa ziwa

Nikiitwa kwenye kazi ya jiko, siku ya kwanza sifungui begi la vifaa. Namwomba mwenye nyumba akaange samaki kama anavyokaanga siku zote, mimi nasimama sebuleni. Harufu ikinifuata hadi kwenye kochi, nimeshajua pa kuanzia.

Sisi wa Mwanza tunaishi na upepo wenye ratiba. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya mjini inapanda, ile ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo dirisha la jiko likitazama ziwa, kama yalivyo mengi Kirumba na Capri Point, mchana kila moshi wa dagaa unasukumwa ndani, upande wa sebule. Unaweza kupaka rangi nzuri kiasi gani, mapazia yatanuka tu.

Hatua ya kwanza: uzi, chaki na kiwiko

Ning'iniza uzi mwepesi kwenye dirisha la jiko na mwingine kwenye mlango wa kuingilia sebuleni. Angalia saa nane mchana, angalia tena saa tatu usiku, kisha andika unaelekea wapi. Usikisie, maana jengo la jirani au mwamba nyuma ya nyumba unaweza kuupindua upepo.

Halafu chora jiko lako sakafuni kwa chaki, kwa vipimo halisi. Kaunta ingie ndani sm 60 kutoka ukutani, na njia ya kupita ibaki walau sm 90. Urefu wa kaunta usiuige kwa jirani. Msimamishe anayepika, akunje mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sm 10 hadi 15. Kwa watu wengi inaangukia kati ya sm 85 na 95. Mama anayepara sato watano kwenye kaunta fupi, jioni mgongo utamwambia.

Hatua ya pili: mfuate samaki

Samaki anaingia mlangoni, anakwenda kwenye friji au sinki, anaparwa, anakatwa, anaingia kikaangoni. Vifaa vikae kwa mpangilio huohuo ukutani: friji, sinki, sehemu ya kukatia, jiko. Kati ya sinki na jiko acha sm 60 za kukatia. Hapo usipunguze hata kama itabidi kabati liwe dogo.

Kama maji ni ya mgao, pipa nalo linahitaji nafasi tangu mwanzo. Lita 200 ni kilo 200, kwa hiyo liweke kwenye kona karibu na nguzo. Usiliweke katikati ya sakafu.

Hatua ya tatu: bomba la maji machafu

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Mama mmoja wa Kirumba alinipigia asubuhi: "Fundi, sinki langu limetapika." Nilifungua kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki, kinachobaki na maji ili kuzuia harufu ya chemba. Ndani mlikuwa na donge la kijivu, magamba ya sato yameshikana na mafuta yaliyoganda, gumu kama sabuni ya mche. Nikaweka pima maji juu ya bomba linaloelekea ukutani. Povu likasimama katikati kabisa, yaani bomba limelala bila mteremko. Kwenye kaunta hiyo ni sifa, kwenye bomba la maji machafu ni kosa. Na bomba lile nilikuwa nimelilaza mimi miaka miwili nyuma. Nililirudia bila kumtoza hela.

Tangu hapo kanuni yangu ni moja: bomba la inchi moja na nusu, lishuke sm 2 kwa kila mita. Weka kichujio kwenye sinki, na acha mfuniko wa kuzibulia unaofikika bila kuvunja kitu. Kabla ya kuziba ukuta, ziba tundu la sinki, lijaze hadi juu, kisha fungua ghafla huku mwenzako akipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Karatasi ikilowa, rudia kiungo hicho.

Hatua ya nne: ukuta, umeme na gesi

Wengi wanataka kuvunja ukuta kati ya jiko na sebule. Kwanza upate ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, pili mhandisi athibitishe kwamba ukuta haubebi kitu. Na ukirudi kwenye uzi wako, ukakuta upepo unaelekea sebuleni, mimi nakushauri usiuvunje ukuta. Toboa dirisha la kupitishia sahani, lenye kifuniko.

Feni ya kutolea moshi isipulize kuelekea ziwani. Mchana itashindana na upepo. Peleka bomba lake kwenye ukuta wa nje wa upande mwingine.

Waya za soketi ziwe za milimita za mraba 2.5, na soketi zikae mbali na sinki. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, kwa hiyo kabati la mtungi litobolewe matundu chini, karibu na sakafu. Kagua mpira kwa povu la sabuni. Usitumie kiberiti kamwe.

Hatua ya tano: tailizi na rangi

Tailizi za ukutani zinazonyonya maji ziloweke kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya saruji kabla haijashika. Zile ngumu za poselini hazinyonyi, na saruji tupu haizishiki vizuri. Zinataka gundi yake. Mwagia tone la maji mgongoni mwa tailizi: likizama, loweka, likibaki juu, nunua gundi.

Sehemu ya ukuta iliyo juu ya tailizi ipake rangi ya mafuta, inafutika. Kaunta ya zege imwagilie maji siku 7 kabla ya kuibebesha chochote.

Hatua ya sita: sebule

Tengeneza benchi la ukutani lenye kimo cha sm 45 kutoka sakafuni, lenye mfuniko, uweke mashuka na vyombo vya wageni. Kochi lipime pamoja na kona ya ngazi kabla ya kulilipia. Madirishani weka wavu wa matundu madogo kuliko ule wa mbu, maana wadudu wa ziwani wakija kwa makundi jioni wanapenya, na taa nyeupe inawaita zaidi kuliko ya manjano.

Silikoni ya kuzunguka sinki iachwe siku nzima bila kuguswa na maji. Baada ya hapo rudisha ule uzi, saa nane mchana, na ukaange dagaa. Ukiona bado unaelekea kwenye kochi, funga dirisha la jiko nusu, washa feni, uangalie tena.