Kukarabati nyumba ya kale Ujiji: kibali kinavyoombwa na pale kinapokwama

Usianze na ramani, anza na jina. Nyumba nyingi za Ujiji ya zamani, zile za udongo zenye baraza mbele na mlango mzito wa mbao, karatasi zake bado zina jina la babu, na babu yuko makaburini miaka mingi. Dirishani pale Manispaa ya Kigoma Ujiji fomu yako ya kibali itapokelewa vizuri tu, halafu italala kwenye faili. Kwa hiyo nenda kwanza Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, apatikane msimamizi wa mirathi. Muhtasari uwe na sahihi za warithi wote. Anayechelewesha hapa mara nyingi si hakimu, ni shangazi aliyeko Dar ambaye "atasaini akija Idi".

Jina likishakaa sawa, jiulize umri wa nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863, na Waziri anaweza kutangaza la baadaye pia. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakaukuta mji upo, kwa hiyo usicheke mzee akisema ukuta fulani ni wa enzi zile. Kwa kipimo hicho hata Stanley kukutana na Livingstone, 1871, ni mambo ya juzi. Ukiwa na shaka, au kama nyumba iko jirani na Kumbukumbu ya Livingstone, mwandikie Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, ukiambatisha picha. Nakala ipeleke Manispaa, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ukiiulizia baadaye utaambiwa haikufika.

Panapokula hela ni kwenye michoro. Fundi ramani wengi wana nyumba moja kwenye kompyuta, vyumba vitatu na sebule, wanabadilisha jina la mteja tu. Ukipeleka hiyo, umeomba kubomoa na kujenga upya bila kujua, na utarudishwa ukalipie michoro mipya. Mwambie achore mara mbili: nyumba ilivyo sasa, kwa vipimo vya futi kamba, unene wa kuta ukiwemo (ukuta wa udongo si inchi sita za tofali), kisha itakavyokuwa. Kila kinachobadilika kipewe rangi yake. Toa seti tatu, zionyeshe namba ya kiwanja, mipaka, msingi, paa na matumizi ya jengo. Baraza ichorwe pia. Ikisahaulika, mpimaji atakayekuja ataihesabu kama umevamia barabara.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali tu. Anayekupa namba yake ya simu anakuuzia upepo.

Ndani ya ofisi faili hupita mipango miji, ardhi, afya na uhandisi. Andika namba ya faili kwenye daftari na uulizie masijala kwa namba hiyo, maana "ile nyumba ya udongo" Ujiji ni nusu ya mji.

Kibali kikitoka, kuna mawili ya kumwambia fundi kabla hajashika jembe. Mtaro wa msingi ukitoa shanga, vigae vya vyungu au mifupa, kazi isimame na taarifa itolewe. Taarifa hiyo ni takwa la sheria, na shanga zikishaingia mfukoni mwa kibarua hazirudi. La pili ni plasta. Saruji juu ya udongo hufungia unyevu ndani, na masika mawili yakipita ukuta humong'onyoka kuanzia chini huku nje ukionekana mpya. Tumia chokaa iliyolowekwa, sehemu moja kwa tatu za mchanga, na uandike hivyo kwenye mchoro wenyewe. Mkaguzi akikuta mifuko ya saruji uani atauliza ni ya nini, nawe uwe na jibu: ya sakafu ya choo.