Namna Seva Inavyotambua Aina ya Faili, na Jinsi ya Kuirekebisha Inapokosea

Faili lipo mahali pake, seva inajibu kwa namba 200 (ya mafanikio), na bado ukurasa unabaki mtupu. Mara nyingi chanzo ni mstari mmoja wa kichwa cha jibu, Content-Type, ambao hukiambia kivinjari kama kinachokuja ni picha, maandishi au programu. Kwa kawaida Apache na Nginx, programu mbili za seva ya wavuti, hazilichunguzi faili ndani. Husoma kiendelezi chake, yaani herufi zinazofuata nukta katika jina, kisha hukitafuta katika orodha ya mime.types. Kisipokuwamo, Nginx iliyosanidiwa kama wengi wanavyoisanidi hutuma application/octet-stream, yaani data ya aina isiyojulikana, na kivinjari hulipakua faili badala ya kulionyesha.

Tuchukue menyu.mjs, moduli ya JavaScript. Iulize seva yenyewe kwanza kwa curl, programu ya kutuma maombi kutoka mstari wa amri, kwa sababu kivinjari huenda kimehifadhi jibu la zamani:

curl -I https://example.com/js/menyu.mjs

Ukiona octet-stream, umepata kosa, kwani kivinjari hukataa kuendesha moduli isiyotangazwa kuwa JavaScript. Katika Apache, ongeza mstari huu kwenye .htaccess, faili la mipangilio la folda, mradi AllowOverride katika mipangilio mikuu ya seva imeruhusu FileInfo:

AddType text/javascript .mjs

Katika Nginx, ongeza mjs palipo na js ndani ya mime.types, hakiki kwa nginx -t, kisha pakia upya kwa nginx -s reload. Usiandike sehemu mpya ya types ndani ya sehemu ya server kwa haraka, maana huifuta orodha yote iliyorithiwa, na CSS zako (faili za mitindo) nazo zitapotea njia.

Kutangaza aina ni jambo moja; kuendesha faili ni jingine, na hapa ninasisitiza uangalifu. Apache husoma viendelezi vyote vya jina, si cha mwisho pekee, hivyo AddHandler, amri inayokabidhi faili kwa kishughulikiaji cha kuliendesha, ikifungwa kwa .php (faili za lugha ya PHP) inaweza kuendesha hata picha.php.jpg iliyopakiwa na mgeni. Tumia hii badala yake:

<FilesMatch "\.php$">
SetHandler application/x-httpd-php
</FilesMatch>

Jina la kishughulikiaji hutegemea namna PHP ilivyofungwa kwenye seva yako. Kisha weka jaribio.php.jpg lenye mstari mmoja wa PHP na uliombe kwa curl: msimbo unapaswa kurudi kama ulivyoandikwa, chini ya image/jpeg. Ukirudi umetekelezwa, tafuta AddHandler iliyosalia, na ulifute faili hilo la jaribio mara moja.