Jinsi ya Kupima Malisho Pamoja na Ng'ombe Wanaoyala

Katika ushoroba wa ng'ombe wa Uganda, unaoanzia Ankole na kupitia Nakasongola hadi Karamoja, malisho hukadiriwa kwa macho: nyasi zikiwa ndefu, mwaka huhesabiwa kuwa mzuri. Hata hivyo, nyasi zilizokomaa huweza kumjaza ng'ombe tumbo bila kumpa protini ya kutosha. Kwa hiyo kilichopo machungani na kinachojengeka mwilini mwa mnyama vipimwe pamoja, na kazi hii mfugaji anaweza kuifanya mwenyewe.

Tengeneza fremu ya mraba yenye upande wa nusu mita. Katiza machunga kwa mstari ulionyooka, ukiiweka fremu chini kila baada ya idadi ya hatua uliyoipanga kabla ya kuanza, kwa sababu anayechagua mahali kwa kutazama huvutwa na penye nyasi nzuri. Kata nyasi zilizo ndani ya fremu kwa mundu, ukibakiza kimo cha sentimita 5 hivi, kisha ondoa udongo na mimea isiyoliwa. Huko Ankole jambo hili lisipuuzwe hata kidogo, kwani omutete, nyasi ngumu zenye harufu kali, hutawala sehemu nyingi na ng'ombe huzikwepa.

Anika nyasi hizo mpaka uzito wake usipungue tena. Maabara hutumia tanuri la nyuzi joto 60 hadi 65. Wastani wa gramu kwa fremu, ukizidishwa kwa 40, hukupa kilo za nyasi kavu kwa hekta. Gramu 50, kwa mfano, ni kilo 2,000. Nusu yake iachwe ili ilinde udongo na mizizi. Ng'ombe wa kilo 250, akila takriban asilimia 2.5 ya uzito wake, huhitaji kilo 6.25 za nyasi kavu kwa siku, hivyo kilo 1,000 zinazobaki zinamtosha siku 160, mbali na nyasi zitakazochipua mvua ikinyesha.

Kiasi kikishajulikana, pima ubora, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani hupeleka maabara nyasi zilizokatwa ndani ya fremu. Lakini ng'ombe hazili nyasi zote namna hiyo: huchagua majani mabichi na kuacha mabua, kwa hiyo anachokula huwa na protini nyingi kuliko wastani wa machunga. Mfuate kwa utulivu asubuhi na alasiri, tazama anachouma, kisha chuma kwa mkono mmea uleule na sehemu ileile ya mmea. Maabara ikionyesha protini ghafi (kadirio la protini linalotokana na naitrojeni iliyomo) chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi hukosa naitrojeni, umeng'enyaji hupungua kasi, na mnyama hula kidogo ingawa nyasi zimemzunguka.

Kwa upande wa wanyama, gawa mitamba ya aina na umri unaokaribiana katika makundi mawili kwa kura, uwape wote dawa ya minyoo na kinga ileile dhidi ya kupe, kisha wachunge pamoja. Kundi moja lipewe nyongeza kila jioni, kama vile mashudu ya pamba au majani ya kaliandra, mti mdogo wa malisho. La pili lisipewe. Wapime kila mwezi kwa mizani au kwa utepe wa kifua, unaokadiria uzito kwa mzunguko wa kifua, daima asubuhi kabla ya maji na malisho, maana maji na nyasi za tumboni peke yake huweza kubadilisha uzito kwa kilo nyingi. Jaribio livuke kiangazi chote hadi mvua zirudi, kwa kuwa mitamba iliyokonda huongezeka uzito haraka nyasi zinapochipua, na faida iliyoonekana wakati wa ukame huweza kupungua. Gharama ya nyongeza ilinganishwe na tofauti ya kilo itakayobaki wakati huo.