SOMO: Kompyuta inaleta skrini ya bluu kila mara? Soma hapa kabla ya kuja inboksi

Wakuu, inboksi yangu imejaa swali moja: "Mkuu, PC inaleta bluu, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Somo ni la Windows 10 na 11. (Windows 11 24H2 zilizosasishwa tangu 2025 huleta nyeusi badala ya bluu. Ugonjwa ni ule ule.)

1. Piga picha skrini. Nataka stop code (jina la kosa linaloandikwa kwenye skrini), na jina la faili linaloishia .sys kama lipo.

2. Chomoa ulichoongeza karibuni: ramu, kadi, adapta ya Wi-Fi. Antivairasi ya pili nayo iondoe.

3. Futa vumbi, hakikisha feni inazunguka.

4. Fungua C:\Windows\Minidump (folda ya rekodi za kila anguko) kwa BlueScreenView, ni ya bure. Ikitaja ntoskrnl.exe usikimbilie kupiga Windows upya: hiyo ni kerneli (kiini cha Windows), mara nyingi ndiyo iliyokuta maiti, siyo iliyoua. Ikitaja nvlddmkm.sys, hiyo ni draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha ya Nvidia. Nenda Device Manager ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, pakua toleo la nyuma kwa mtengenezaji mwenyewe. Zile programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mpigo, achana nazo.

5. Pima ramu kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, XMP (mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya ramu) ikiwa imezimwa. Iache imalize raundi zote nne. Kosa hata moja ni kosa. Likitokea, pima kijiti kimoja kimoja kwenye sloti ile ile.

6. Driver Verifier. Hapa ndipo watu hulia. Programu hii iliyomo ndani ya Windows inazibana draiva makusudi mpaka iliyo mbovu ianguke, kwa hiyo mashine ITAKUFA, na inaweza kufa kila inapowaka kabla hujaona desktop. Kabla hujaigusa: hamisha mafaili yako, tengeneza restore point (ya kuirudisha Windows ilivyokuwa), na kama diski ina BitLocker (kufuli la Windows la diski), hakikisha ile recovery key ya tarakimu 48 iko nje ya mashine hiyo. Safe Mode (Windows ikiwaka na draiva chache tu) inaweza kuidai, na usipokuwa nayo data zako zimekwenda. Ndipo uandike verifier kwenye Run, uchague draiva kwa majina, uweke tiki kwa zisizo za Microsoft TU. Randomized low resources simulation usiiguse. Ikikwama, izime kwa nguvu Windows inapoanza kuwaka, mara mbili tatu mfululizo, mpaka ilete ukurasa wa matengenezo. Ingia Safe Mode, fungua Command Prompt kama administrator, andika verifier /reset, washa upya. Mafundi: msimrudishie mteja mashine Verifier ikiwa bado inafanya kazi!

MASWALI

Kisiki: Yangu inazima ghafla, bluu hakuna. Event Viewer inasema Kernel-Power 41. Nibadili draiva gani?
— Usibadili yoyote. 41 inakwambia tu mashine ilizimika bila kuaga. Anza na joto, pawa saplai na soketi ya ukutani.

Dogo Fundi: Nimefanya zote, haijapona.
— Stop code? MemTest ilimaliza?
Dogo Fundi: Hiyo ya ramu sikufanya, inachukua muda sana.
— Basi hujafanya zote.

Bi Tausi: Samahani mwalimu, kwa nini draiva moja iangushe mashine nzima, wakati kivinjari kikigoma kinajifunga peke yake?
— Swali zuri, dada. Kivinjari kina eneo lake la kumbukumbu, hakigusi la mwenzake. Draiva nyingi hukaa ndani ya kerneli, zinagusa popote. Ikikosea humo, Windows haijui tena nini kimeharibika, inaamua kusimama kuliko kuandika takataka kwenye diski. Ndivyo ilivyokuwa Julai 19, 2024: sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, na Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5 zilianguka.
Bi Tausi: Asante. Folda yangu ya Minidump ni tupu, lakini bluu naiona.
— Andika sysdm.cpl kwenye Run, Advanced, Startup and Recovery, chagua Small memory dump. Pagefile (faili la Windows la kuisaidia ramu) iwepo kwenye C. Hapo hapo ondoa tiki ya Automatically restart, upate muda wa kusoma.

Mzee wa Spea: Kabla ya kununua ramu nyingine, sugua meno yake kwa raba ya penseli.
— Sawa, ila chomoa umeme na betri kwanza, na upanguse vumbi la raba lisiingie kwenye sloti.

Dogo Fundi: MemTest imeleta mekundu. Vijiti viwili, cha pili nilinunua mtumba Kariakoo.
— Toa hicho cha pili, upime tena.